Anza na koki kuu, si na hita: ninavyoiandaa nyumba kabla ya baridi kali

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama ukucha na mrefu kama kidole cha shahada. Fundi alikikata kile kipande cha bomba la shaba, akakiweka mezani mbele yangu, nami nikawa nakigeuzageuza nisiamini kwamba upenyo mdogo namna ile ndio ulioishusha dari ya sebule. Tulikuwa tumeondoka siku tatu tu. Kabla ya kufunga mlango nilizima boila, ile mashine inayochemsha maji na kuipasha nyumba joto, huku najisifu moyoni kwamba nimebana matumizi. Tuliporudi, mume wangu ndiye aliyetangulia kuingia. Alisimama kizingitini, akatega sikio, akaniuliza, "Mama watoto, humu ndani kunanyesha?"

Lililonitia aibu zaidi si ule ufa. Ni kwamba maji yalikuwa yanamwagika na mimi, mwenye nyumba wa mwaka wa tano, sijui yanafungiwa wapi. Tulitafuta koki kuu kwa tochi, tumevaa makoti, maji yametufika vifundoni, kwa dakika kama arobaini. Ilikuwa chini ya ngazi, nyuma ya maboksi ya viatu. Na tulipoipata, ilikuwa imekaza kwa kutu.

Tangu mwaka ule naiandaa nyumba mwenyewe, kila mwaka, majani ya miti yanapoanza kugeuka rangi. Nimekulia kwenye joto. Hakuna aliyenifundisha mambo haya utotoni. Kwa hiyo nitaeleza kama ninavyomweleza mgeni aliyefika nchi ya baridi kwa mara ya kwanza, na kwa mpangilio ninaoufuata mimi: maji, mianya, darini, moto, halafu hayo mengine. Hita ya kununua dukani haimo kwenye orodha mpaka huko kwenye moto, na ukifanya ya mwanzo vizuri huenda usiihitaji.

Maji

Tafuta koki kuu leo, kabla hujamaliza kusoma. Aghalabu iko pale bomba la maji linapoingilia nyumbani: chini ya sinki la jikoni, chini ya ngazi, gereji, au kwenye kisima kidogo chenye mfuniko hapo nje. Ifunge mpaka mwisho, nenda bafuni ufungue bomba uhakikishe maji yamekatika, kisha rudi uifungue. Zoezi hili la dakika tano ndilo linaloizuia isikaze. Ikiwa imekaza tayari, usiishambulie kwa spana ndefu, maana shina likivunjika utakuwa umejiletea gharika mwenyewe. Mwite fundi aibadilishe wakati hali ya hewa bado ni nzuri. Yangu nimeifunga utepe mwekundu, na kila aliye nyumbani, hata mdogo wa darasa la tatu, anajua kuifikia gizani.

Sasa sababu ya bomba kupasuka, kwa sababu ukiielewa hutahitaji kukariri kanuni. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani barafu inalisukuma bomba kutoka ndani mpaka linapasuka palepale lilipoganda. Mara nyingi sivyo. Barafu hujijenga kama kizibo, kizibo kinaendelea kukua, na maji yaliyobanwa kati yake na bomba la bafuni lililofungwa hayana pa kukimbilia. Shinikizo linapanda mpaka linapata sehemu dhaifu, na pengine sehemu hiyo haina barafu hata chembe. Letu lilipasukia chini ya sinki la bafu la juu; kilichoganda kilikuwa ni kipande kinachopita ndani ya ukuta wa nje, hatua mbili kutoka hapo. Ndiyo maana bomba linaloachwa lidondoshe tone tone usiku wa baridi kali linasaidia. Hata kama maji yataganda, shinikizo limepata mlango.

Zunguka nyumba ukiuliza swali moja: maji yanapita wapi ambako mimi silali? Gereji, darini, uvungu wa nyumba, kabati za jikoni zilizoegemea ukuta wa nje, chumba cha kufulia kilichoongezwa baadaye. Mabomba ya huko yavishe sponji, zile ndefu zenye mpasuo ubavuni. Pima unene wa bomba kabla ya kununua, maana sponji kubwa kuliko bomba ni kama koti lisilo vifungo. Kwenye kona, kata ncha mbili kwa mshazari zikutane kama fremu ya picha, uzifunge kwa utepe. Watu huvisha sehemu zilizonyooka wakaacha kona wazi, na bomba huganda palepale penye uwazi.

Ila sponji haizalishi joto, inachelewesha tu lisitoke. Maji yaliyotulia usiku kucha kwenye chumba kisicho na joto yataganda hata yakivishwa. Nje ikishuka kufikia nyuzi 7 chini ya sifuri, mabomba yaliyo wazi kwenye vyumba visivyopashwa yako hatarini, na yakipigwa na upepo kutoka kwenye tundu la ukutani huganda mapema zaidi. Usiku kama huo mimi hufungua milango ya kabati chini ya masinki ili joto la chumba liyafikie. Nyumba inaonekana kama imepekuliwa na wezi, lakini mabomba yanalala salama.

Bomba la nje la bustani lina utaratibu wake. Chomoa mpira wa kumwagilia, na hili usilipuuze, kwani mpira ukibaki umechomekwa unashikilia maji ndani na kuyaharibu hata yale mabomba yaliyotengenezwa kuhimili baridi. Kisha funga koki yake ya ndani, nenda nje ulifungue mpaka maji yaishe, uliache wazi hivyohivyo mpaka baridi iondoke.

Kama boila yako ni ya kisasa ya gesi, angalia kibomba chembamba cha plastiki kinachotoa majimaji nje. Kikiganda, boila inajizima usiku wa manane na wewe unadhani imekufa. Kivishe nacho. Kikiganda licha ya hayo, kimwagie maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, halafu iwashe boila upya.

Na ukisafiri, usifanye kama nilivyofanya mimi. Acha joto la nyumba lisipungue nyuzi 13 hivi na ufunge koki kuu. Ukitaka kuzima kila kitu kwa majuma kadhaa, basi mfumo mzima umwagwe maji, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mianya

Hapa ndipo penye raha yangu. Unahitaji kijiti cha udi, kiberiti na siku yenye upepo.

Funga madirisha na milango yote, zima boila, zima moto wowote unaowaka ndani. Washa feni za kutolea hewa za jikoni na bafuni. Feni hizo zinavuta hewa ya ndani kuitoa nje, hivyo hewa ya nje itajipenyeza kupitia kila upenyo ili kujaza pengo. (Ile habari ya kuzima moto kwanza si mapambo. Feni zikivuta wakati jiko la kuni linawaka, moshi wa dohani unaweza kurudi chumbani.) Washa kijiti, kisha tembea polepole ukikipitisha pembezoni mwa kila dirisha, kila mlango, kila soketi ya umeme kwenye kuta za nje, pale mabomba yanapotoboa ukuta, na pale ubao wa chini wa ukuta unapokutana na sakafu.

Mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kumhukumu mkosaji: dirisha kubwa la sebuleni. Kila nikikaa karibu nalo nasikia ubaridi shingoni. Nilisimama nalo dakika nzima. Moshi ulipanda wima kama uzi. Kilichokuwa kikinitesa pale ni kioo chenyewe tu, kinachopoza hewa iliyo karibu nacho ikashuka. Nikaenda kwenye soketi iliyo nyuma ya runinga, ambayo sikuwahi kuifikiria maishani, na moshi ukalala kabisa kuelekea kwangu, kama mtu anayepuliza kutoka ukutani. Kisha nikazima feni, maana feni huficha tabia ya hewa ya juu, nikapanda ngazi mpaka kwenye kifuniko cha darini. Nikiwa bado nusu mita chini yake, moshi ulijikunja ukavutwa juu kwenye ufa wa kifuniko, wote, usibaki hata wa kunusa.

Kifuniko kile kilinifundisha jambo ambalo miaka yote nilikuwa nalifanya kinyume. Hewa ya moto hupanda. Inapotoroka kwa juu, inaivuta ya baridi iingie kwa chini kujaza nafasi yake. Kwa hiyo ule upepo unaokupiga miguuni sebuleni una mama yake darini. Ukiziba juu, chini kunapungua makali hata kabla hujagusa mlango. Anza juu.

Kifuniko cha darini kizungushie ukanda wa mpira pale kinapokaa, ongeza komeo dogo likibane, na mgongoni mwake gundisha kipande cha ubao wa povu. Ukishapanda huko, funua pamba ya kuzuia joto iliyolala sakafuni utafute matundu ambamo nyaya na mabomba hupanda kutoka vyumbani. Utayatambua kwa weusi: hewa iliyopita humo miaka mingi huacha vumbi kwenye pamba, ikaonekana kama mdomo wa mvuta sigara. Madogo yazibe kwa silikoni, makubwa kwa povu la kopo. Kuzunguka dohani usitumie povu kamwe, kwani huwaka. Hapo panatakiwa bati na gundi maalumu ya kuhimili moto. Vilevile taa zilizozama ndani ya dari usizizibe wala kuzifunika, isipokuwa zimeandikwa kwamba zinaruhusu.

Milango ina kipimo rahisi. Weka karatasi kati ya mlango na fremu, funga, vuta karatasi. Ikichomoka bila kukwama, mpira wa hapo umechoka au haupo. Kabla ya kununua mpira mpya jaribu kukaza bawaba kwa bisibisi; mlango wetu wa nyuma ulikuwa umelala upande tu, na skrubu tatu zilimaliza kazi. Chini ya mlango pigilia brashi ya mlango. Kwa milango ya ndani inayoelekea vyumba visivyotumika, kitambaa kilichoshonwa kama mto mrefu na kujazwa mchanga kinatosha. Tundu la kupokelea barua lisahau kwa hasara yako.

Kazi za silikoni zifanye mapema. Nyingi hazishiki vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 5, na utajua umechelewa utakapoona inabanduka kama ganda la kidonda.

Madirisha ya kioo kimoja, kama huna uwezo wa kubadilisha, yavishe karatasi ya plastiki inayokazwa kwa joto. Futa fremu kwa spiriti ikauke, bandika utepe wa pande mbili, tandaza plastiki, kisha pitisha draya ya nywele ukianzia pembeni kuja kati. Itakunjamana kwanza, utadhani umeiharibu. Endelea, na ghafla itakaza kama ngozi ya ngoma. Hewa iliyonaswa katikati ndiyo blanketi lenyewe. Ila usiyafunge hivyo madirisha yote. Kila chumba cha kulala kibaki na dirisha moja la kufunguka, la hewa na la kukimbilia pakizuka moto.

Na kuna matundu yasiyozibwa. Tundu la hewa lililowekwa makusudi kwa ajili ya boila, jiko la gesi au la kuni si uzembe wa mjenzi. Liache.

Darini

Chukua rula upande nayo. Kwangu pamba ya kioo ilikuwa sentimita 8, imelala kama godoro la bweni. Nikaongeza mpaka 27. Tabaka la kwanza hujaza nafasi kati ya boriti, la pili hulazwa kukatiza juu yake ili boriti zenyewe zifunikwe, maana mbao nazo hupitisha joto. Usiigandamize, kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake, ukiibana umeitoa.

Vaa barakoa, miwani, glavu na mikono mirefu. Pamba ile huwasha siku mbili nzima. Na ukanyage boriti tu, au uweke ubao juu yake. Katikati ni dari tupu, na mguu wangu wa kushoto una habari zaidi kuhusu jambo hilo.

Makosa mawili nimeyaona kwa majirani. La kwanza ni kusukuma pamba mpaka kwenye kingo za paa na kuziba njia ya hewa. Darini panatakiwa papitiwe na hewa, la sivyo mvuke wa nyumbani utaganda kwenye mbao na kuziozesha. Acha upenyo wa sentimita 5 hivi. La pili ni kusahau kwamba ukizuia joto lisipande, darini panakuwa baridi kuliko mwanzo. Kama kuna mabomba au tangi la maji huko, sasa ndiyo yanahitaji kuvishwa kuliko wakati mwingine wowote. Tangi lifunike juu na pembeni, lakini chini yake usiweke pamba, ili lipate joto linalopanda kutoka chumbani.

Baada ya theluji kuanguka, toka nje utazame mapaa. Lenye theluji nene iliyotulia lina pamba ya kutosha. Lenye mabaka yaliyoyeyuka na vijiti virefu vya barafu vinavyoning'inia kwenye kingo linavujisha joto: theluji inayeyuka juu, maji yanateremka, yanaganda tena kwenye ukingo usio na joto, yanajenga ukuta wa barafu, na yanayofuata yanarudi chini ya vigae na kuingia ndani. Watu hupiga picha vile vijiti kwa uzuri wake. Mimi nikiviona kwangu napanda na rula.

Moto

Boila ikaguliwe na fundi mwenye leseni kabla ya msimu, si siku ya kwanza ya theluji, wakati kila mtu anampigia simu huyo huyo. Kama mfumo wako ni wa kupuliza hewa moto, badilisha kichujio. Kikijaa vumbi mashine inahema kama mzee kwenye mlima.

Rejeta za ukutani, yale mapande ya chuma yanayopitisha maji moto ya boila kupasha vyumba, utazihudumia mwenyewe. Zipashe, kisha pitisha kiganja. Ikiwa moto chini na baridi juu, ina hewa ndani. Zima mfumo, subiri zipoe, chukua ufunguo mdogo wa pembe nne, kikombe na tambara. Weka ufunguo kwenye kichwa kidogo kilicho pembeni juu, zungusha nusu duara tu. Utasikia sssss, na harufu ya chuma cha zamani. Subiri. Mlio utakatika, itaanza kutema mate meusi, kisha maji yatatiririka mfululizo. Hapo funga. Usikifungue kichwa mpaka kitoke, maana kukirudisha huku maji yanakurukia usoni si mchezo. Anza za chini, malizia za juu, halafu tazama kipimo cha presha kwenye boila: mifumo mingi ya nyumbani hutaka kati ya baa 1 na 1.5 ikiwa imepoa, na kwa kuwa umetoa hewa huenda ikahitaji kuongezwa maji. Rejeta iliyo baridi chini na moto juu ni habari nyingine. Hiyo ina matope, mwite fundi.

Anayetumia kuni asafishe dohani walau mara moja kwa mwaka. Moshi wa kuni mbichi huganda ndani yake ukawa utando mweusi kama lami, na utando huo ukishika moto, dohani nzima inaunguruma. Kuni nzuri zina maji chini ya asilimia 20: zimepasuliwa, zimepangwa juu ya kitu zisiguse ardhi, zimefunikwa juu lakini pembeni wazi, zimekaa mwaka au zaidi. Gonga mbili. Zilizokauka hulia kama vigae, mbichi hutoa sauti ya kiatu kilicholowa. Majivu yatie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, uiweke nje mbali na ukuta, kwa kuwa makaa yaliyofunikwa na majivu hubaki hai hata siku kadhaa.

Sasa naomba usikilize. Usiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa kwa ajili ya kuota. Najua wengi wetu tunaona makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha basi hatari imekwisha. Ni kinyume. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kimyakimya: haina rangi, haina harufu, na chembechembe za damu huishika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni uchovu, hulala. Na sisi tumetoka kuziba kila mwanya. Kazi nzuri ya kuzuia baridi ndiyo inayoifanya nyumba iwe mtego kwa kosa hili moja. Jenereta nayo ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha, si gereji hata mlango ukiwa wazi.

Nunua king'ora cha kaboni monoksidi kabla ya kununua pazia zito. Kimoja kila ghorofa, na karibu na vyumba vya kulala. Bonyeza kitufe cha kukijaribu kila mwezi, na ugeuze nyuma usome tarehe, kwani huwa vina mwisho wa kutumika. Kikilia, toeni watu nje kwanza, maswali baadaye.

Hita ya umeme ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kamwe si kwenye ekstensheni, na ikae mita moja kutoka kwenye pazia, kitanda au nguo. Usilale nayo inawaka.

Kama una pangaboi, tafuta swichi ndogo ubavuni mwake inayogeuza mzunguko. Kwa mwendo wa chini, ikivuta hewa kwenda juu, inalishusha joto lililojikusanya chini ya dari kupitia kutani bila kukupuliza. Mapazia yafungue kwenye jua, yafunge giza likianza kuingia, na yasiifunike rejeta, la sivyo unalipasha moto dirisha.

Unyevu, na mambo ya nje

Nyumba iliyozibwa vizuri inatokwa na jasho. Tunapumua, tunapika, tunaoga, tunaanika nguo ndani, na mvuke wote unatafuta mahali pa baridi pa kutua: kioo, kona, nyuma ya kabati. Kabati langu la nguo lilikuwa limegusana na ukuta wa nje. Nililivuta mwezi wa pili nikakuta kuvu jeusi mpaka kwenye mkono wa koti la harusi la mume wangu. Sasa linakaa sentimita 10 kutoka ukutani. Kila asubuhi nafungua madirisha mawili yanayotazamana, wazi kabisa, dakika tano hadi kumi, kisha nafunga. Dirisha lililoachwa wazi kidogo kutwa nzima linapoza kuta. La dakika tano linabadilisha hewa na kuta zinabaki na joto lake. Kipima unyevu cha bei ndogo kikisoma kati ya asilimia 40 na 50, niko sawa.

Nje ni kazi ya Jumamosi moja. Ondoa majani kwenye magata na mabomba ya kushushia maji. Kata matawi yaliyoinamia paa na nyaya. Weka koleo la theluji ndani, si stoo ya nje ambayo mlango wake utazibwa na hiyo theluji yenyewe. Chumvi ya kawaida huyeyusha barafu ya ngazini vizuri mpaka nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo inakuwa dhaifu, tumia mchanga ambao hauyeyushi chochote ila unaipa miguu mahali pa kushika.

Kwa ajili ya siku umeme utakapokatika, weka tayari tochi, betri, blanketi, maji ya kunywa ya siku tatu, dawa za wanaozitumia. Kumbuka kwamba boila ya gesi nayo hutegemea umeme kuendesha pampu yake, hivyo umeme ukikatika usitegemee joto.

Bomba likiganda hata hivyo

Umeamka, umefungua maji, yametoka matone mawili na sauti ya kukohoa. Usihamaki. Jaribu mabomba mengine ya nyumbani. Likiwa ni moja tu, umeshajua njia ya kufuata. Mtume mtu asimame kwenye koki kuu. Acha hilo lililoganda likiwa wazi, ili maji na mvuke vipate pa kutokea. Fuata bomba kwa mkono ukirudi nyuma kutoka sinki, ukipapasa: palipoganda ni pa baridi kupita kiasi, pengine pana sakitu juu yake. Kabla ya kupasha, tazama kama limevimba au limepasuka. Kama limepasuka, funga koki kuu sasa hivi.

Pasha kwa draya ya nywele, au mataulo yaliyochovywa maji ya moto. Anza upande wa sinki, sogea taratibu kuelekea kwenye barafu, usianze katikati. Usitumie moto wa aina yoyote, hata mshumaa. Huchukua nusu saa, mara nyingine zaidi, na mkono unachoka. Maji yatarudi kwa kurukaruka kwanza. Yaache yatiririke mpaka yatulie. Kisha chukua karatasi kavu ya chooni uifute kwenye bomba zima, kona kwa kona, huku unaitazama. Ikilowa mahali, ufa uko hapo.